Kisa cha IST ya shangazi: betri mbili, stata moja, na waya uliooza ndani ya ganda lake

Shangazi yangu anakaa Sahare, hapa hapa Tanga mjini, na kazi yake ni samaki. Alfajiri anatakiwa awe ameshafika soko la Deep Sea kabla wale wachuuzi wenye mtaji mkubwa hawajabeba walio wazuri, akishanunua anapakia kwenye ndoo na barafu anazungusha kwa wateja wake Ngamiani na Chumbageni, mama lishe na watu wa majumbani, ikifika saa tatu asubuhi kazi imeisha. Kwaiyo gari isipowaka saa kumi na moja alfajiri siku hiyo imekufa, hamna cha kusema ntaenda mchana maana samaki hasubiri.

Gari ni Toyota IST ya 2004, siisii 1300, gia otomatiki, na viti vya nyuma huwa haviinuliwi, kutoka migongo ya viti vya mbele mpaka mlango wa buti amelaza turubai. Ndani ya miezi minne hiyo gari ilikula betri ya 120,000, ikala stata (ile mota ya kuzungusha injini iwake) ya mtumba 90,000 na ufundi 20,000, kisha ikala betri nyingine ya 130,000. Jumla laki tatu na sitini na bado asubuhi inagoma. Mi nilikuwa Korogwe kwenye kazi ya jengo muda wote huo, niliporudi nikaenda kumsabahi, nikamkuta kakaa barazani saa mbili asubuhi na ndoo tupu. Shikamoo shangazi. Marahaba baba, akanyamaza kidogo, akasema, baba, hii gari ntaiuza. Alivyosema ile sauti yake iliniuma, kwa sababu hiyo gari aliinunua kwa pesa ya samaki, ndoo kwa ndoo.

Naandika hiki kisa kirefu na namba zote kwa sababu naamini kuna gari nyingi sana mji huu na miji yote ya pwani zinasumbua kwa kitu kile kile, watu wanaendelea kununua betri.

Nianze na dalili maana dalili ndo zilikuwa zinasema ukweli tangu mwanzo. Asubuhi ukizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka vizuri, ukipiga stata unasikia tik-tik-tik-tik haraka haraka, taa zinafifia kidogo zinarudi, injini haizunguki hata nusu. Siku nyingine ukirudia mara tano sita inazunguka kwa uzito inawaka. Ikishawaka asubuhi, ukaizima Deep Sea ukaiwasha tena, inawaka freshi. Mvua ikinyesha usiku ndo kabisa.

Fundi wa kwanza alisikia tik-tik akasema betri imechoka. Siwezi kumlaumu sana, ile sauti mara nyingi kweli ni betri. Ikafungwa mpya, gari ikawaka wiki mbili bila shida. Ikaanza tena. Fundi wa pili akachukua taa ya kupimia, akagusa huku na huku, taa inawaka kila mahali, akasema umeme unafika vizuri basi stata ndo mbovu. Ikafungwa stata ya mtumba. Ikawaka siku kumi na kitu, ikaanza tena. Wa tatu akasema betri ile ilikuwa feki, nunua nyingine. Hapo ndo mimi nikafika.

Sasa kuna jambo shangazi alilisema akiwa analalamika tu, wala hakudhani lina maana. Anasema, yule kijana wa teksi wa hapo jirani akija kunibustia, yaani kuniazima umeme wa betri ya gari lake, gari inawaka papo hapo, lakini yule wa gereji akija na waya zake na gari lake kubwa haiwaki, inatiktik vile vile. Wote wakasema kijana wa teksi ana betri nzuri. Nikamuuliza shangazi, yule kijana ule mdomo mweusi wa waya anaubana wapi? Akasema hajui. Nikamfuata kijana mwenyewe, akasema mi nabana kwenye chuma cha injini kaka, nilifundishwa usibane kwenye betri kwa sababu ya cheche. Na yule wa gereji? Huyo anabana kwenye betri, huku na huku.

Hapo hapo nikajua nusu ya jibu hata kabla sijafungua boneti.

Fikiria hivi. Umeme ukitoka upande wa chanya wa betri unaenda stata, ukishafanya kazi ndani ya stata lazima urudi betri. Stata haina waya wa kurudishia, mwili wake umefungwa kwenye injini, kwaiyo umeme unarudi kupitia chuma cha injini, halafu kutoka kwenye injini kuna waya mmoja mnene unaorudi kwenye kichwa cha hasi cha betri, ndo huo mafundi wanaita waya wa athi. Kijana wa teksi alipobana mdomo mweusi kwenye injini alitengeneza njia ya kurudi ambayo haipiti kwenye ule waya wa gari. Wa gereji alipobana kwenye kichwa cha betri alileta umeme mwingi lakini kurudi bado lazima upitie waya ule ule wa gari. Kama mmoja anawasha na mwingine hawashi, tofauti yao sio ukubwa wa betri, tofauti ni huo waya.

Mi kazi yangu ni umeme wa majumbani, magari nimeyajua kwa kukaa sana gereji ya baba mdogo Chumbageni nilipokuwa shule, na kitu kimoja kilichonichukua muda kukielewa ni hiki. Nyumbani kifaa cha wati 1000 kwenye volti 230 kinavuta kama ampia 4 na kitu, waya mwembamba unatosha. Stata ndogo ya gari nayo ni wati 1000 hivi, ila volti ni 12 tu, kwaiyo inavuta ampia 80, 100, na pale inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Kwenye ampia 100 kosa dogo sana ni kosa kubwa. Waya ukiwa umeoza kiasi cha kuwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, ukiweka taa ya wati 21 kupima, taa inavuta ampia chini ya 2, inapoteza volti 0.17, jicho lako haliwezi kuona, utasema waya mzima. Waya huo huo ukitaka kupitisha ampia 100 ungepoteza volti 10 kati ya 12. Yaani stata inabaki na makombo. Ndo maana taa ya kupimia ilimdanganya yule fundi, na hata mimi nilipoweka mita kwenye omu, mita yangu ya bei rahisi ikanipa 0.3, na nikigusanisha ncha zake zenyewe inanipa 0.3 hiyo hiyo. Mita ya kawaida haioni omu 0.1. Lazima upime wakati mzigo uko kazini, hamna njia nyingine.

Basi kesho yake nikalala kwa shangazi makusudi, maana gari ikishapata joto inaficha ugonjwa. Saa kumi na moja kasoro nikafungua boneti na tochi mdomoni, mtoto wa shangazi nikamkalisha kwenye usukani, gia P, hendibreki juu. Kabla ya chochote nikapima betri ikiwa imelala tu: volti 12.15. Hapo nilitakiwa nishtuke zaidi ya nilivyoshtuka. Betri iliyojaa inakaa 12.6 hivi, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu. Betri ya wiki tatu, gari imetembea jana, asubuhi iko chini ya nusu? Nikajiambia labda safari fupi fupi, nikaendelea. Hilo ntalirudia.

Kisha nikatoa fyuzi ya EFI, ya mfumo wa kupeleka mafuta, ili injini isiwake wakati napima, nikaweka ncha za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, sio kwenye vibanio, kwenye risasi yenyewe, nikamwambia dogo piga stata. Tik-tik-tik. Mita ikasoma 11.5. Hii namba ni muhimu sana. Betri iliyochoka ukipiga stata inaporomoka chini ya 9, chini ya 8, inakufa mbele ya macho yako. Hii inabaki 11.5 maana yake umeme hautoki, umezuiwa mahali. Betri ina kitu cha kutoa, njia ndo haipo.

Nikahamisha. Ncha nyekundu kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyeusi kwenye boliti kubwa ya stata pale waya mnene unapoingia, piga: 0.2. Upande wa chanya mzima. Kisha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye bodi ya gari: karibu na sifuri. Kisha nyeusi ibaki pale pale, nyekundu kwenye chuma cha injini, nilitafuta mahali peupe pasipo na rangi wala uchafu, piga. Namba ikawa inarukaruka lakini juu ya volti 5. Hapo panatakiwa pasome chini ya 0.3, na ukiwa mpole sana 0.5. Kati ya injini na betri kulikuwa kunapotea volti 5, na ndo maana ya ile tik-tik, solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku, inavuta inashika, stata inataka umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inashika tena.

Ukiwa huna mita kabisa usikate tamaa, fanya alichofanya kijana wa teksi bila kujua. Chukua waya mweusi wa kubustia, mdomo mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri ya gari lako mwenyewe, mdomo wa pili kwenye chuma cha injini mbali na mikanda na feni, piga stata. Kama gari iliyokuwa inatiktik sasa inawaka, umepata jibu bure. Mi nilifanya hivyo baada ya kupima, nikarudisha fyuzi, dogo akapiga, injini ikashika mara moja kwenye giza, shangazi akatoka ndani na kanga begani akiuliza umenunua nini. Sijanunua kitu shangazi, nimekopa waya.

Waya wenyewe kuutafuta kulinipa kazi kidogo. Unatoka kwenye hasi ya betri, tawi moja jembamba linaenda kwenye bodi hapo karibu, na lile nene linashuka chini ya sinia ya betri kwenda kwenye gia boksi. Juu kote kusafi kabisa, kibanio kinang'aa maana kila aliyebadili betri alikisugua na msasa. Hakuna aliyeangalia chini. Nikafungua betri, hasi kwanza, siku zote hasi kwanza, maana ukianza na chanya spana ikagusa bodi unapiga shoti ambayo inaweza kukuunguza mkono au kupasua betri. Nikatoa sinia, chini yake kumejaa unga mweupe na kijani. Boliti ya gia boksi ilikuwa na kutu lakini imekaza. Nikaufungua waya nikaupinda karibu na ule mwisho wa chini, ukapindika kama kamba ya katani iliyooza, na ganda lake la plastiki likawa limevimba. Nikalichana na kisu. Ndani shaba yote imekuwa kijani, nyuzi nyingi zimekatika zenyewe, zilizobaki zima hazifiki robo. Kwa nje ganda jeusi zima, huwezi kujua.

Na chanzo ni bahari tu. Sahare upepo wa bahari unaingia mpaka ndani ya kabati la nguo, bawaba za madirisha zinaliwa, sasa waya ulio chini ya gari unaopita kwenye madimbwi ya Deep Sea kila siku, maji ya chumvi yakishaingia kwenye ule mdomo wa lagi, kile kichwa cha chuma mwisho wa waya, yanapanda taratibu ndani ya nyuzi, ganda linayahifadhi yasikauke. Kwaiyo mvua ikinyesha usiku ugonjwa unazidi, na injini ikishapata joto inakuwa nyepesi kuzunguka, haitaki umeme mwingi kama asubuhi.

Angalia na hili, ambalo watu wengi hawalijui: waya wa athi wa injini ukifa, ule umeme mwingi haukubali kukaa, unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye bodi. Unaweza kupitia kwenye keboli ya gia au waya wa akselereta, vitu ambavyo havikutengenezwa kubeba umeme, vinapata moto mpaka ganda linayeyuka. Niliikagua keboli ya gia ya shangazi nikakuta ni nzima, alhamdulillah. Ukiona gari yako inatiktik na kuna harufu ya plastiki ikiungua ukipiga stata, acha kupiga, kashike hizo keboli.

Kutengeneza kulikuwa rahisi kuliko kutafuta. Nikaenda dukani nikachukua waya wa betri wa milimita 25 za mraba, mita moja, na lagi mbili za shaba, vyote 18,000. Lagi nikaibinya kwa mashine ya kubinyia niliyonayo ya kazi, sio koleo, halafu nikadondoshea lehemu kwenye mdomo ili maji yasipate pa kuingilia, nikavisha ganda la kupashwa moto. Pale kwenye gia boksi nikasugua na brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga, nikakaza, ndo nikapaka grisi juu yake. Sinia na ule unga nikaosha kwa bekingi soda ya jikoni na maji ya vuguvugu, inatoa mapovu inakula tindikali. Betri ikarudi, chanya kwanza, hasi mwisho.

Kupima tena: kati ya injini na hasi wakati wa stata, 0.15. Volti za betri wakati injini inazunguka, 10.6. Dogo akaniuliza mbona zamani ilikuwa 11.5 sasa imeshuka, si tumeharibu? Nilifurahi sana kuulizwa vile, kwa sababu inaonyesha anafikiri. Zamani betri haikufanya kazi, ilikuwa kama mtu aliyeshikwa mikono. Sasa inatoa ampia zote stata inazotaka, lazima ishuke kidogo, na 10.6 ni afya. Injini ikiwaka alteneta, ile inayochaji betri, ikatoa 14.2, hapo nako salama.

Nikasema kisa kimeisha. Hakikuisha.

Siku tisa gari iliwaka kila alfajiri. Kisha shangazi akapata msiba Muheza, akaenda kwa basi, akakaa siku tatu. Aliporudi, gari kimya kabisa. Sio tik-tik tena, kimya, hata taa za dashibodi hakuna. Akanipigia simu wala hakugomba, akasema baba njoo uone, na mimi nikaiona ile 12.15 ya siku ile iliyonipita. Nikafika, betri volti 5 na kitu. Nikaitoa nikaipeleka kuchaji usiku kucha taratibu, kwa ampia 3, betri iliyokauka hivyo usiikimbize.

Hapa tatizo ni lingine kabisa: kuna kitu kinakunywa umeme gari ikiwa imezimwa. Gari yoyote inakunywa kidogo, saa, kumbukumbu ya redio, alamu, lakini haitakiwi kuzidi ampia 0.05. Kupima unafungua hasi ya betri, unaweka mita kwenye tundu la ampia 10, inakaa katikati ya kichwa cha betri na waya uliofunguliwa, umeme wote upite ndani ya mita. Milango yote imefungwa, ufunguo uko mfukoni, na usubiri nusu saa gari ilale, kwa sababu mwanzoni kuna vitu bado viko macho vinakupa namba kubwa ya uongo. Na wallahi usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi ya mita inakatika au mita yenyewe inaenda.

Baada ya nusu saa: 0.44. Hesabu yake ni hii. Betri ya shangazi ni ya ampia-saa 35, yaani kama ampia 1 kwa muda wa saa 35. 0.44 mara saa 72 za msiba ni kama 32. Yaani imeisha yote. Na kwa usiku mmoja wa saa kumi ni 4.4, sio nyingi za kuua betri, lakini safari zake ni Sahare, Deep Sea, Ngamiani, dakika kumi kumi, taa zimewashwa alfajiri, alteneta haipati muda wa kurudisha zote. Kila siku inadaiwa kidogo. Ndo ile 12.15.

Nikaanza kutoa fyuzi moja moja huku dogo anasoma mita. Nikitoa hamna kitu, narudisha, nyingine. Nilipotoa iliyoandikwa DOME mita ikashuka mpaka 0.02. Hiyo inalisha taa za ndani na kumbukumbu ya redio. Redio nikaichomoa kwanza, maana ilikuwa ya kufungwa mtaani na nilikuwa na hakika kabisa ni yeye. 0.44 vile vile, haikuguswa. Taa ya darini imezimwa. Nikakaa chini nikafikiria 0.42 ni nini, mara 12 ni wati 5. Wati 5 ni taa. Balbu ndogo moja, iko wapi?

Kwenye buti. Shangazi amelivisha lile buti turubai mpaka ukutani ili maji ya samaki yasiguse gari, turubai limeifunika taa, kwaiyo hata usiku huoni mwanga. Nikapita mlango wa abiria wa nyuma nikafunua turubai bila kufungua buti, balbu inawaka, na kioo chake cha plastiki kimekuwa rangi ya chai kwa joto la siku nyingi. Nilipata hofu kidogo kwa kweli, turubai juu ya balbu ya moto usiku kucha ndani ya gari lililoegeshwa ukutani mwa nyumba wanamolala watu.

Swichi ya taa ile iko ndani ya kitasa cha mlango wa buti. Maji ya barafu ya samaki, ambayo ni chumvi tupu, yanamwagika kila mlango unapofunguliwa yanaingia kitasani, swichi imegandia, gari inaamini mlango wa buti uko wazi siku zote. Na gari ilikuwa inasema! Kuna taa ya mlango kwenye dashibodi. Nikamuuliza shangazi, hii taa ya mlango huwa haiwaki? Akanyoosha kidole, akabandua kipande cha plasta cheusi. Ilikuwa inawaka muda mrefu, inamuumiza macho alfajiri, akaibandika plasta. Mafundi watatu na mimi wa nne tulikaa kwenye kile kiti au karibu yake hakuna aliyeuliza hiyo plasta inaficha nini.

Siku ile nikachomoa balbu tu, mita ikawa 0.02, shangazi akaenda kazini kesho yake. Wiki iliyofuata nikatoa kitasa, nikakiosha kwa dawa ya kusafishia swichi, ikakubali siku mbili ikagandia tena, chumvi imeshakula ndani. Tukanunua kitasa cha mtumba 15,000, nikakifungia nailoni nzito kwa juu na kutoboa njia ya maji chini. Balbu nikaweka ya LED. Plasta imetoka, taa ya mlango sasa inazima mlango ukifungwa.

Nimekaa na hiki kisa nikakipanga upya kichwani ili nielewe kwa nini kila fundi alionekana amefaulu kwa muda, kwa sababu hilo ndo linalowapoteza watu. Betri mpya ya kwanza ilikuja imejaa 12.6, na kuibadili kulihitaji kuutikisa ule waya, nyuzi zilizobaki zikagusana upya. Betri iliyojaa iliweza kulazimisha umeme kupita kwenye waya mbovu. Wiki mbili za balbu ya buti zikaishusha, waya ukashinda. Stata ilipobadilishwa betri ilifunguliwa tena, na fundi yule alikaa nayo siku nzima akaichaji, kwaiyo ikawaka tena siku kumi. Balbu peke yake isingesumbua mpaka gari ilale siku kadhaa. Waya peke yake ungesumbua asubuhi za mvua tu. Vikiwa viwili, kila kimoja kilimfichia mwenzake, ukirekebisha kimoja unadhani umemaliza, na mimi nilidhani hivyo hivyo siku tisa nzima.

Sahivi ni miezi miwili na nusu. Dogo kapewa mita yangu ya zamani, kila Ijumaa asubuhi kabla mama yake hajatoka anapima anaandika kwenye daftari la shule, nyuma kabisa. Ijumaa iliyopita 12.5. Betri ni ile ile ya pili, ingawa kukauka kabisa kuliipunguzia umri, nimemwambia shangazi aweke akiba, mwakani itataka kubadilishwa kihalali.

Ile stata iliyotolewa ilikuwa stoo chini ya majamvi, fundi alimwachia akasema chuma chakavu. Nikaibana kwenye vaisi, nikaifungia betri na waya za kubustia, ikaruka ikazunguka kama mpya. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Akaitazama mpaka ikasimama, akasema ifunge vizuri kwenye gunia kavu, baba, uiweke juu isiguse sakafu.